Mbolea kwenye mpunga wa basmati: soma dalili kabla hujafungua mfuko

Shamba la basmati likianza kubadilika rangi, mkono wa kwanza huenda kwenye mfuko wa yurea. Mara nyingi mkono huo huwa na haraka mno. Mpunga huu wenye asili ya nchi za chini ya milima ya Himalaya, upande wa India na Pakistan, hauhitaji naitrojeni nyingi, na dalili nyingi zinazofanana na njaa ya mbolea huwa na chanzo kingine kabisa: maji, mizizi, ugonjwa uliotoka na mbegu, virusi, au zinki. Ukimwaga yurea juu ya tatizo la namna hiyo, tatizo la kwanza linabaki palepale na la pili linaanza.

Tuanze na kiasi, kwa sababu bila kukijua huwezi kusema mpunga wako una njaa au umeshiba. Kwenye tambarare za Punjab na Haryana, majimbo ya kaskazini mwa India, mpunga usio basmati hupewa naitrojeni kilo 120 hadi 150 kwa hekta. Basmati ndefu za zamani, kama Basmati 370 iliyotolewa mwaka 1933 katika kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, ambacho leo kiko Pakistan, hutosheka na kilo 40 hadi 60, na penye rutuba hata chini ya hapo. Aina fupi za kisasa, kama Pusa Basmati 1121 na Pusa Basmati 1509, huvumilia zaidi: kati ya kilo 60 na 100, kutegemea aina na udongo. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo 60 za naitrojeni ni kama kilo 130 za yurea kwa hekta, au kilo 53 kwa ekari.

Hesabu hii huharibika sehemu mbili. Mfuko wa yurea nchini India umekuwa wa kilo 45 tangu 2018, zamani ulikuwa wa kilo 50. Anayehesabu kwa mifuko huku akifuata maelezo ya zamani anakosea kwa sehemu moja ya kumi. La pili ni DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Watu huihesabu kama fosforasi peke yake, kumbe ina naitrojeni asilimia 18. Kilo 50 za DAP zimeshaingiza shambani kilo 9 za naitrojeni, sawa na karibu kilo 20 za yurea. Kwa mpunga unaohitaji kidogo kama basmati, hizo si za kupuuza. Zitoe kwenye hesabu ya kukuzia.

Ukaguzi unaotangulia tiba yoyote

Ingia ndani ya jaruba, usikague ukiwa barabarani. Tazama ni majani yapi yaliyogeuka. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu huhama ndani ya mmea: zikipungua, mpunga huchukua akiba ya majani ya zamani kulisha machanga, na ndiyo maana dalili huanzia chini. Chuma na salfa hazihami kirahisi, kwa hiyo upungufu wake huonekana juu, kwenye majani mapya. Zinki ina tabia yake, tutaifikia.

Tazama pia tatizo limekaaje shambani. Upungufu wa kirutubisho hushika eneo: jaruba zima, upande wenye kichanga, au mahali ambapo udongo wa juu ulichongwa wakati wa kusawazisha. Ugonjwa wa virusi au wa mbegu mara nyingi hushika shina hapa na shina pale, jirani zake wakiwa wazima. Na ukiona mistari ya kijani na njano inayofuata njia aliyopita mtu akimwaga mbolea, ujue kiasi kilitosha ila mkono haukusambaza sawa. Kwa dozi ndogo za basmati hili hutokea sana, maana yurea kidogo ni ngumu kuieneza. Ichanganye na udongo mkavu uliochekechwa iwe nyingi, gawa mafungu mawili, moja limwage ukienda kwa urefu wa jaruba na jingine kwa upana.

Kisha ng'oa shina moja pamoja na udongo wake, ulisuuze taratibu kwenye ndoo. Mizizi yenye afya ni myeupe nchani, na ile ya zamani ina rangi ya kutu. Kutu hiyo isikutishe: ni chuma kilichogandia nje ya mizizi kwa sababu mizizi inatoa hewa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya yai viza ni habari nyingine.

Kitaluni: miche imepauka

Kuna kupauka kwa aina mbili hapa, na tiba zake hazikaribiani.

Kama majani mapya yametoka ya njano hadi karibu meupe, huku ya chini yakiwa bado na rangi, hiyo ni chuma. Huja zaidi kwenye vitalu vya udongo wa kichanga wenye magadi, vinavyokaukakauka, na pia kwenye mpunga uliopandwa moja kwa moja bila kupandikizwa. Chuma kimo udongoni, lakini penye hewa nyingi na magadi hakiyeyuki. Tiba ya kwanza ni maji: jaza kitalu kisikauke, kwa kuwa udongo ukikosa hewa chuma hugeuka kuwa cha aina inayoyeyuka. Maji peke yake yasipotosha, nyunyiza feri salfeti kilo 1 kwa lita 100 za maji, rudia baada ya wiki hadi majani mapya yatoke na rangi yake. Kumwaga feri salfeti chini kwenye udongo wa magadi ni kuipoteza, maana itaganda kabla mizizi haijaifikia.

Kama miche iliyopauka ni mirefu kuliko wenzake, myembamba, imesimama juu ya kitalu kana kwamba imevutwa, usitafute mbolea. Ni bakanae, ugonjwa wa kuvu *Fusarium fujikuroi* unaosafiri na mbegu. Kuvu huyo hutengeneza homoni ya kurefusha mmea, na ndiyo inayoivuta miche. Pusa Basmati 1121 na 1509 zinaathirika sana nao. Thibitisha kwa kuangalia vifundo vya chini: mche wenye bakanae huota mizizi kwenye vifundo vilivyo juu ya udongo, na baadaye unga mweupe au wa waridi huonekana chini ya shina. Yurea hapa huongeza madhara. Ng'oa miche hiyo, itoe nje ya shamba, na usiipandikize hata kama ni mingi kiasi cha kuuma. Msimu ujao tibu mbegu kabla ya kuloweka, wala usitoe mbegu kwenye shamba lililougua.

Wiki ya pili hadi ya nne baada ya kupandikiza: vidoa vya kutu, mpunga haukui

Hili ndilo tatizo ambalo yurea hutumika vibaya kuliko yote, na tiba yake ni rahisi ikijulikana mapema.

Mpunga ulishika vizuri, kisha ukasimama. Wenzake wa jaruba la pili wanatoa machipukizi, huu unabaki na mawili matatu. Inama utazame jani la pili na la tatu kutoka juu. Utaona vidoa vidogo vya rangi ya kutu vikiwa vimetawanyika, baadaye vinaungana na kufanya jani lote lionekane la kahawia kwa mbali. Jani changa, hasa karibu na shina, mshipa wake wa kati umepauka. Hiyo ni zinki. Nchini India inaitwa khaira, na ni mwanasayansi Y. L. Nene aliyebainisha katika miaka ya 1960, kwenye eneo la Tarai chini ya milima ya Himalaya, kwamba haikuwa ugonjwa wa vimelea kama ilivyodhaniwa bali upungufu wa zinki.

Kwa nini zinki ikosekane kwenye udongo ambao mazao mengine hayailalamikii? Sababu ziko kadhaa, na mara nyingi hukutana shambani pamoja. Udongo wenye magadi au chokaa huishika. Maji yaliyotuama muda mrefu huongeza bikaboneti inayozuia mizizi kuinyonya. Mahali palipochongwa na mashine ya kusawazisha, udongo wa chini wenye chokaa ndio uliobaki juu, na hapo khaira huchora umbo la mchongo wenyewe. Na ipo sababu ambayo mkulima huileta mwenyewe: fosforasi nyingi. Anayeweka DAP kwenye ngano, kisha akaweka tena kwenye mpunga unaofuata, hulimbikiza fosforasi ambayo mpunga hauihitaji. Udongo ukifurika, fosforasi iliyofungwa na chuma huachiwa, kwa hiyo mpunga huishi kwa masalia ya ngano. Ngano ikiwa imepata fosforasi yake kamili, basmati inayofuata inaweza kukosa DAP kabisa isipungukiwe na kitu. Mkulima akiokoa DAP, anaokoa na zinki.

Tiba ikiwa dalili zimeshatoka: zinki salfeti gramu 500 na chokaa iliyozimwa gramu 250 kwa lita 100 za maji. Loweka chokaa usiku, chuja, tumia maji yake ya juu. Bila chokaa, zinki salfeti yenyewe huweza kuunguza majani. Nyunyiza asubuhi au jioni, rudia baada ya siku 7 hadi 10. Usisubiri majani yenye kutu yageuke kijani, hayatageuka. Angalia jani jipya linalotoka: likitoka safi hadi chini, umefaulu.

Kinga ni kumwaga zinki salfeti kilo 25 kwa hekta kabla ya kupandikiza. Kiasi hicho ni cha ile yenye zinki asilimia 21; ukipata ile ya asilimia 33, kilo 16 zinatosha, kwa hiyo soma mfuko. Imwage peke yake na udongo mkavu. Ukiichanganya na DAP kwenye beseni moja, zinashikana na kuwa kitu kisichoyeyuka, na umelipia vyote viwili bure. Wala si lazima kila msimu: zinki hubaki udongoni, kwa hiyo iliyowekwa vizuri huhudumia zaidi ya zao moja.

Kuna tatizo linalofanana na hili ambalo mwaka 2022 lilichanganya wakulima wengi kaskazini magharibi mwa India. Mashina yalidumaa, watu wakanyunyiza zinki na kuongeza yurea, hakuna kilichobadilika. Uchunguzi ukaonyesha ni virusi vya udumavu, vinavyoenezwa na mdudu mrukaji mwenye mgongo mweupe. Tofauti zipo: mashina yenye virusi hayashiki eneo zima, yametapakaa kati ya mazima, majani yake ni membamba, yamesimama, yana kijani kilichokolea wala hayana vidoa vya kutu, na shina huvutika kirahisi. Hakuna kirutubisho kinachotibu hilo. Ng'oa yaliyodumaa mapema, fukia, na gonga mashina kila wiki uone kama wadudu wanaanguka majini.

Mizizi myeusi, harufu ya yai viza

Hapa mbolea ipo, mizizi ndiyo imeshindwa kula. Mabua au samadi mbichi ilizikwa karibu mno na kupandikiza, maji yakatuama, sumu ya salfaidi ikajijenga. Majani ya chini hupata njano, na kila dozi ya yurea huonekana haifanyi kazi. Toa maji, acha udongo upate nyufa ndogo za juujuu, rudisha maji mapya. Mizizi mipya myeupe ikionekana, ndipo ufikirie kukuzia. Kwenye udongo wa kichanga usiuache ukauke sana, maana utahamia kwenye tatizo la chuma.

Majani ya chini ya njano, jaruba zima, mizizi mizuri

Sasa inaweza kuwa naitrojeni kweli. Jani la zamani hupoteza rangi kuanzia nchani likifuata mshipa wa kati, shamba zima linakuwa la kijani cha limau, machipukizi ni machache. Lakini kwa basmati jicho pekee hudanganya, kwa sababu rangi ya kawaida ya basmati, hasa zile ndefu, ni hafifu kuliko ya mpunga mwingine. Mkulima mwenye jaruba la mpunga wa kawaida na la basmati kando kwa kando huona basmati inalia njaa kila siku, wakati imeshiba.

Kadi ya rangi za majani huondoa ubishi huu. Ni kipande cha plastiki chenye mistari ya kijani yenye namba, iliyokolea kwa daraja. Kuanzia wiki mbili baada ya kupandikiza, kila baada ya siku 7 hadi 10, chagua majani 10 ya juu yaliyofunguka kabisa kutoka mashina tofauti yenye afya. Weka katikati ya jani juu ya kadi bila kulichuma, likinge jua kwa mwili wako, soma. Mtu awe yuleyule na saa iwe ileile ya asubuhi, maana mwanga hubadilisha rangi machoni. Majani 6 au zaidi yakisoma chini ya kikomo, weka dozi ndogo. Kikomo cha 4 kinachotumika kwa mpunga mwingi ni cha juu mno hapa: kwa basmati za kisasa tumia 3, na kwa Basmati 370 na ndugu zake hata 2. Anayeifuata kadi kwa kikomo cha mpunga mwingine atazidisha naitrojeni msimu mzima huku akiamini anapima.

Kama huna kadi, gawa naitrojeni mara mbili, wiki ya 3 na wiki ya 6 baada ya kupandikiza, nusu kwa nusu. Pusa Basmati 1509 inaiva mapema, karibu siku 115 hadi 120 tangu kusia mbegu, kwa hiyo dozi yake ya pili isichelewe. Baada ya masuke kuanza kujiunda ndani ya shina, funga mfuko. Na kama ulifukia sesbania ya wiki 6 hadi 8, mmea wa mbolea ya kijani ambao Punjab wanauita dhaincha, umeshaweka karibu kilo 60 za naitrojeni kwa hekta. Kwa basmati nyingi hiyo ndiyo mbolea yote ya msimu. Kuongeza yurea juu yake ni chanzo cha kawaida kabisa cha mpunga kulala, na mkulima hashtuki kwa sababu sesbania haikuja kwenye mfuko.

Ukiona njano kwenye majani mapya badala ya ya zamani, na si kichanga chenye ukosefu wa chuma, fikiria salfa. Dozi moja ya amonia salfeti mahali pa yurea itakupa jibu ndani ya siku chache.

Umeweka yurea, wiki imepita, rangi ni ileile

Kama mizizi ni mizima na zinki ipo, basi yurea haikufika. Iliyomwagwa kwenye maji ya kina hugeuka kuwa amonia na kuruka hewani, hasa mchana wa jua kwenye maji yenye magadi au yenye mwani wa kijani, kwa sababu mwani huongeza uchungu wa magadi majini mchana. Kwenye kichanga huzama chini na maji. Na jaruba linalolowa na kukauka kwa zamu, naitrojeni hugeuka naitreti udongo ukiwa mkavu, kisha maji yakirudi bakteria huigeuza gesi.

Njia ya kuzuia yote haya ni moja. Toa maji hadi ibaki tope, mwaga yurea alasiri majani yakiwa makavu, acha iingie udongoni kwa siku moja au mbili, kisha rudisha maji kiasi kidogo na usiache udongo ukauke siku zinazofuata. Yurea iliyopakwa mwarobaini, ambayo India iliilazimisha kwa yurea yote inayotengenezwa nchini kuanzia 2015, hupunguza kasi ya kugeuka naitreti, lakini haizuii amonia kuruka kutoka kwenye maji. Kwa hiyo kutoa maji bado ni kazi yako. Palizi pia itangulie, maana magugu hula kabla ya mpunga. Ukimwaga umande ukiwapo, chembe hushikamana na majani na kuacha ncha zilizoungua. Hilo si ugonjwa, litapita.

Kijani kilichokolea, mpunga mfupi, machipukizi machache

Bila virusi, hii ni fosforasi. Majani yamesimama wima, yana rangi ya bluu iliyofifia, shina jembamba. Ni nadra pale ngano ilipotangulia na DAP yake. Ni kawaida zaidi kwenye shamba jipya au lisilopata mbolea miaka mingi. Fosforasi huwekwa kabla ya kupandikiza, si baada. Ukigundua katikati ya msimu, unaweza kupunguza tu, huwezi kurudisha machipukizi yaliyokwisha kukosekana.

Kingo za majani zinakauka

Potasiamu au bakteria? Upungufu wa potasiamu huanza kwenye majani ya zamani: ncha na kingo huwa za njano kisha za kahawia, taratibu, shamba zima. Mnyauko wa bakteria hushika majani ya juu, mara nyingi siku chache baada ya dhoruba, na mpaka kati ya sehemu ya njano na ya kijani huwa wa mawimbi. Kata jani lenye dalili karibu na mpaka huo, tumbukiza ncha iliyokatwa kwenye glasi safi ya maji, liinue mbele ya mwanga. Uzi wa maziwa ukishuka kutoka penye mkato, ni bakteria. Usiweke yurea hata chembe, toa maji, na usipite jaruba hilo likiwa bichi kisha ukaingia jingine. Kwa msimu ujao ziko aina zilizoboreshwa dhidi ya ugonjwa huu na blasti, ugonjwa wa kuvu, zilizotolewa 2021: Pusa Basmati 1847 mahali pa 1509, na 1885 mahali pa 1121.

Ikiwa ni potasiamu, jiulize mabua yalikwenda wapi. Karibu asilimia 80 ya potasiamu inayonyonywa na mpunga hubaki kwenye mabua, si kwenye punje. Shamba linalohamishiwa mabua yake nje kila mwaka hudaiwa kimyakimya. Rudisha mabua, au weka potashi kabla ya kupandikiza na nyingine mpunga unapoanza kuunda masuke.

Shamba limependeza kupita kiasi, kisha limelala

Dalili hii mkulima huifurahia kabla haijamuumiza. Majani mapana, laini, yanaanguka kwa uzito wake, kijani karibu cheusi, machipukizi yanaendelea kutoka hata wakati wa kutunga mimba. Basmati 370 hukaribia au kuzidi mita moja na nusu, na shina lake halina nguvu ya kubeba jani la namna hiyo. Upepo mmoja wa Septemba huilaza. Aina fupi hazilali upesi, lakini naitrojeni hiyohiyo hualika blasti ya shingo, ugonjwa wa ala ya jani, kunguni warukaji wa kahawia na viwavi wakunja majani.

Kwa basmati madhara hayaishii shambani. Magonjwa yakija, dawa hufuata, na soko la basmati hupima mabaki ya dawa. Kuanzia 2018 Umoja wa Ulaya ulishusha kikomo cha triksaiklazoli, dawa ya blasti, hadi miligramu 0.01 kwa kilo. Mwaka 2023 serikali ya Punjab nchini India ilizuia viuatilifu 10 visitumike kwenye basmati kwa siku 60 ili mchele usikataliwe nje. Ukifuatilia dawa hizo zilianzia wapi, mara nyingi utafika kwenye dozi ya yurea iliyozidi.

Naitrojeni ikishaingia kwenye mmea huwezi kuitoa. Unachoweza ni kufuta dozi iliyobaki, kutoa maji kwa siku chache kabla ya kutunga mimba ili mizizi ishike na machipukizi ya ovyo yakome, na kukagua chini ya mashina mara mbili kwa wiki. Mpunga ukilala kabla ya punje kujaa, funga mashina manne manne kwa pamoja ikiwa eneo ni dogo; kwa eneo kubwa toa maji yote ili masuke yasikae matopeni.

Mapepe, chenga, na harufu iliyopungua

Mapepe hulaumiwa mbolea, ila kwanza vuta suke jeupe. Likichomoka kirahisi na chini limetafunwa, ni kiwavi mtoboa shina. Lisipochomoka na shingo ina doa jeusi au la kahawia, ni blasti. Kama hakuna kati ya hayo, kumbuka siku za kuchanua: joto kali, baridi au ukame wa wiki hiyo hutosha kuacha punje tupu. Kumwaga yurea masuke yakiwa nje hakujazi pepe lolote. Huchelewesha kuiva, huacha punje za kijani kati ya zilizoiva, na huongeza protini inayofanya wali uwe mgumu.

Harufu ya basmati hutokana hasa na kemikali iitwayo 2-asetili-1-pirolini, na huhifadhika vizuri punje zikijaa kwenye hali ya hewa iliyopoa. Ndiyo sababu Punjab hupandikiza Julai ili punje zijae joto likishashuka. Aliyepandikiza mapema mno atapata mchele wenye harufu hafifu hata mbolea yake ikiwa sahihi, na marekebisho yake yako kwenye kalenda.

Chenga nyingi pia hutoka nje ya mfuko wa mbolea: mpunga uliolala, uliovunwa umekauka kupita kiasi, au ulioanikwa kwenye jua kali juu ya sakafu ya moto hupasuka ndani kabla haujafika mashineni. Toa maji shambani wiki mbili kabla ya kuvuna, vuna punje zikiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 22, anika tabaka jembamba ukigeuza mara kwa mara na kufunika saa za jua kali. Chenga zikipungua, mbolea haikuwa na kosa. Zikibaki nyingi vilevile, hesabu upya naitrojeni yote uliyoweka, ukianza na ile iliyokuwa ndani ya DAP.